Kabati Lenye Miwani

Naanza kwa kuishukuru serikali, maana kwetu hakuna simulizi inayoanza bila shukrani, na zile zilizothubutu hazikufika aya ya pili. Nashukuru kwa barabara, nashukuru kwa ahadi ya barabara, na zaidi ya yote nashukuru kwa Ubongo wa Taifa, ambao bila huo nisingekuwa na lolote la kuwaeleza kuhusu jirani yangu, Mwalimu Machano Vuai.

Huenda msomaji ni mgeni na haujui Ubongo. Ni mashine. Imeundwa kwa kuiga ubongo wa binadamu, isipokuwa, kama alivyosema Mheshimiwa Mabruki, Mkurugenzi wa Utambuzi, huu wa kwetu umeondolewa ubishi. Kazi yake ni kutazama picha na kutaja kilichomo. Siku ya uzinduzi waliletewa wananchi mbuzi katikati ya uwanja. Kamera ikamtazama, tukasubiri, kisha vipaza sauti vyote vikatamka kwa pamoja: "Mbuzi." Watu elfu nne tukasimama na kupiga makofi kwa kuambiwa kwamba mbuzi ni mbuzi. Mama mmoja karibu yangu alilia.

Haukupita mwezi, Bunge likapitisha sheria. Ilikuwa na kifungu kimoja, ili isiwachoshe watu: Kitu ni kile ambacho Ubongo umesema ndicho. Jicho la Ubongo likafungwa juu ya mlango wa kila ofisi ya umma, moja la kutazama wanaoingia na jingine la kutazama wanaotoka. Tukaambiwa tutembee kwa amani, tusizibe nyuso, na tusijikunje.

Mwalimu Machano alikuwa akifundisha hesabu katika shule ya msingi ya mtaani kwetu. Mtu mrefu, mabega yake mapana na ya mraba, kimya chake kingi. Binti yake Shemsa alikuwa anaolewa Ijumaa na Shaali, fundi wa majokofu. Kwetu harusi haifungwi bila Kibali cha Furaha, na kibali hicho sharti kichukuliwe na baba wa bibi harusi kwa mkono wake. Kwa hiyo Jumanne asubuhi Mwalimu alivaa koti lake la kahawia, lile refu lenye vifungo viwili vikubwa vya shaba kifuani. Mkewe, Bi. Mashavu, ndiye aliyemchagulia.

"Vaa hili," alimwambia, "ili wakuone mtu."

Alipokanyaga kizingiti cha ofisi, jicho likageuka, likamtazama juu hadi chini.

"Kabati," Ubongo ukasema.

Mwalimu akasogea pembeni, akageuka nyuma apishe hilo kabati linaloletwa. Hakukuwa na kitu.

"Kabati. Asilimia tisini na saba."

*

Aliyetoka kumpokea alikuwa Bi. Zamda, mtunza ghala, mwanamke wa makamo aliyetumikia ofisi hiyo miaka ishirini na tisa. Mkono mmoja alishika daftari la mali, mwingine kopo la rangi nyeupe na brashi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi. Zamda. Alhamdulillahi nimekukuta wewe. Hii mashine yenu imepitiwa. Inasema mimi kabati."

"Nimesikia. Mwanangu anakusalimu sana, anasema bila wewe hata jedwali la saba asingelijua. Geuka kidogo, nipate pa kuandika."

Mwalimu, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akageuka. Akahisi ubaridi wa rangi mgongoni. Kabati Na. 114.

"Lakini Bi. Zamda, wewe unanijua!"

"Nakujua sana. Ila kukujua ni jambo langu mwenyewe, Mwalimu. Kutambua ni kazi ya Ubongo. Nikianza kutambua watu nitakuwa nimeingilia idara isiyo yangu. Usiegemee ukuta, rangi bado mbichi."

Mwalimu akaona mzaha umetosha. Akamshukuru, akaelekea mlango wa kutokea. Jicho la pili likamtazama. "Kabati linatoka," likasema, na nondo zikashuka kwa kishindo. Mali ya serikali haitoki bila Fomu ya Kuhamisha Mali. Fomu hiyo huidhinishwa na Bodi ya Uondoshaji Samani. Bodi hukutana kila baada ya miaka mitatu, na kwa bahati nzuri, alieleza Bi. Zamda akijaribu kumpa moyo, ilikuwa imekutana mwezi uliopita.

"Bahati nzuri vipi?"

"Kumbukumbu zake bado ziko safi kabisa."

Wakamweka kwenye korido, kati ya kabati namba 113 na 115. Saa za kwanza alizipitisha kwa kubisha. Kila aliyepita alimweleza yeye ni nani, anaishi wapi, binti yake anaolewa lini. Walimsikiliza kwa heshima, maana wengi wao walikuwa wanafunzi wake, kisha wakaenda zao. Ilipofika adhuhuri mtu mmoja alimtundikia mwavuli kwenye kiwiko. Alasiri mwingine, akiwa na haraka, alimpakatisha majalada kumi na mawili ya mashauri ya ardhi, na Mwalimu akajikuta ameyashika vizuri yasianguke. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa. Hakuogopa nondo. Aliogopa jinsi mikono yake ilivyoyapokea yale majalada yenyewe, bila kumuuliza.

*

Jumatano nilimsindikiza Bi. Mashavu. Hatukuingia ndani. Wiki mbili kabla, mama mmoja wa mtaa wa pili aliingia kulipia maji akiwa amevaa kanga ya maua, akaandikwa zulia, na mpaka leo yuko ofisi ya mapokezi. Tulizunguka nyuma, kwenye dirisha la korido. Dirisha lile lilikuwa na nondo lakini halikuwa na jicho, kwa kuwa hakuna afisa aliyewahi kuwaza kwamba mtu angetaka kuchungulia mle kwa hiari yake.

"Machano!" Bi. Mashavu akaita. "Wafanya nini humo?"

"Nimepangwa," akajibu Mwalimu.

Akasogea hatua kwa hatua hadi dirishani, majalada mkononi. Miwani ilikuwa imemshuka puani na hakuwa na mkono wa kuipandisha. Bi. Mashavu akapenyeza kidole kati ya nondo, akaipandisha. Halafu akamlisha chapati aliyokuja nayo, kipande kwa kipande, naye akila huku anatazama chini.

"Shemsa anajua?"

"Anajua. Tangu jana hajala. Anasema bila baba yake haolewi. Mimi nimemwambia baba yako atakuja. Sasa niambie, nimemwambia kweli au nimemdanganya?"

Mwalimu akatazama majalada. Mimi nikatazama pengine.

Bi. Mashavu si mtu wa kunyamaziwa. Alipaza sauti pale dirishani akimtaka mkubwa wa ofisi, na alipaza kwa muda mrefu kiasi kwamba Mheshimiwa Mabruki alilazimika kuacha chai yake. Alikuja na kitambaa mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyezungumza na kila mtu kama vile kuna redio inarekodi.

"Mama," alisema, "nafahamu uchungu wako. Lakini jiulize: taifa letu lilikuwa wapi kabla ya Ubongo? Kila mtu alikuwa akiamua mwenyewe kwamba hiki ni kiti na kile ni meza. Ilikuwa vurugu. Leo tuna kauli moja. Je, turudi kule kwa sababu ya samani moja?"

"Huyo si samani, ni mume wangu! Nimezaa naye watoto watatu!"

"Na serikali inakupongeza," akasema Mheshimiwa. "Si kila mwananchi amefanikiwa hivyo na kabati."

Akanipa mkono mimi, sijui kwa nini, akarudi kwenye chai yake. Nami, kwa kuwa ni mtii, niliupokea.

*

Alhamisi alitokea mtu wa kwanza aliyezungumza na Mwalimu bila kumtundikia kitu. Alikuwa Injinia Raya, aliyekuwa akiutunza Ubongo, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kucha zake amezitafuna zote. Alimpokea majalada, akayaweka sakafuni, akamletea maji.

"Nieleze, mwanangu," Mwalimu alimwambia. "Mimi ni mtu wa hesabu. Nikijua kosa liko mstari gani, nitapumua."

Injinia Raya akachutama karibu naye. "Mashine ina tabaka, Mwalimu, kama ubongo wako unavyofanya unapotazama kitu. Tabaka la kwanza linaona mistari tu. Limeona mistari miwili iliyosimama wima. La pili linaona pembe. Limeona mabega yako. La tatu linaunganisha maumbo: kitu kirefu, cha kahawia, chenye viduara viwili vya shaba kifuani. La mwisho linatoa jina. Kila tabaka limepokea taarifa kutoka chini na kuipeleka juu kwa uaminifu. Hakuna hata moja lililoona mtu, kwa hiyo hakuna la kulaumiwa."

"Kama wizara," akasema Mwalimu.

"Mimi sikusema hivyo," akajibu upesi, akitazama huku na huku.

"Lakini Ubongo ulijifunzaje mtu ni kitu gani?"

Hapo akainamisha kichwa. Ubongo, alieleza, hujifunza kwa kuonyeshwa picha nyingi zenye majina. Picha za makabati zilipigwa kwenye korido hizi. Picha za watu zilitoka kwenye albamu ya wizara, picha elfu sita. Zote za viongozi. Wamekaa nyuma ya meza, tumbo limetangulia, kikombe cha chai mbele, na mtu pembeni ameinama.

"Kwa hiyo aliyekaa nyuma ya meza ni mtu," Mwalimu akasema polepole, kama anayesahihisha daftari. "Na aliyesimama kwenye korido akisubiri..."

"Kabati," akamalizia Injinia Raya.

"Basi si ufundishwe upya? Watu wamejaa mjini. Wapige picha, uandike chini 'mtu'."

"Nimeomba mara nne. Ili niandike 'mtu' chini ya picha, sheria inataka kwanza Ubongo uthibitishe kwamba aliyemo ni mtu."

Kisha Injinia Raya akainuka, akamshika mkono. Mheshimiwa alikuwa amekwenda kula. Injinia akamwingiza Mwalimu ofisini kwa Mheshimiwa, akamkalisha kwenye kile kiti kikubwa cha ngozi, akageuza jicho la majaribio.

"Mtu, asilimia arobaini," Ubongo ukasema.

Ilitakiwa tisini. Injinia akamwekea kikombe cha chai mbele. Hamsini na tano. Akatoa mto kwenye kochi, akausukuma ndani ya lile koti. Themanini na mbili! Bi. Zamda, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anahesabu makabrasha, akapiga hatua ndani. Akaenda pembeni ya meza, akainama.

"Mtu, asilimia themanini na tisa."

"Inama zaidi," Injinia akanong'ona.

Bi. Zamda, na umri wake ule na mgongo wake ule, akainama zaidi. Mwalimu alimwona anavyokunja uso kwa maumivu, na kabla hajajizuia akanyanyuka nusu kutoka kitini, akanyoosha mkono.

"Basi, Bi. Zamda, usijiumize. Ahsante sana."

"Kabati," Ubongo ukasema. "Asilimia tisini na tisa."

Katika picha zote elfu sita hapakuwa na hata moja ambayo mwenye meza anainuka kumshukuru mtu.

*

Ijumaa, saa kumi alasiri, harusi ilikuja kwenye dirisha.

Wazo lilikuwa la Shemsa mwenyewe. Alisema kama baba hawezi kuja kwenye ndoa, ndoa itakwenda kwa baba, na asiyetaka asije. Tulikuja kumi na tano, tumevaa vizuri, tukasimama kwenye majani nyuma ya ofisi kati ya mapipa ya taka. Shemsa alisimama kando na shangazi zake chini ya kivuli cha ukuta. Kibali cha Furaha kilikuwa kimeletwa na Bi. Zamda. Alimpa Mwalimu mkononi ndani ya korido, akaandika kwenye daftari kwamba waraka umehifadhiwa kabatini.

Shehe Mbwana alikuwa mzee mfupi mwenye sauti nzito. Mjomba wa Shaali, mtu mwoga, akamuuliza kwa wasiwasi kama ndoa itasihi, maana kisheria baba wa bibi harusi ni samani.

"Mimi hapa namwona baba wa binti," Shehe akasema. "Kama kuna kabati, lipishe, tuna kazi."

Akasoma hotuba. Kisha Mwalimu akapitisha mkono wake wa kulia kati ya nondo, mpaka kwenye kiwiko, na Shaali akaushika. Niliutazama ule mkono ukiwa nje, kwenye jua. Ulikuwa na chaki kwenye kucha.

"Nimekuoza binti yangu Shemsa," Mwalimu akasema, akaubana mkono wa Shaali, akaanza tena. "Nimekuoza..."

"Simama hapo!"

Mheshimiwa Mabruki alikuwa ametokea ndani ya korido, nyuma yake.

"Mkono huo uko nje ya jengo," alisema. "Sehemu ya mali ya serikali imevuka mpaka bila fomu. Rudisha mkono."

Shaali hakuuachia. Mwalimu hakuurudisha. Mimi nakiri nilikuwa nikitafuta njia ya kuwa mbali na pale. Kisha tukasikia mlio wa karatasi ikichanwa. Bi. Zamda, daftari gotini, alikuwa anaandika mbio mbio.

"Mheshimiwa, fomu ipo," akasema. "Fomu namba tisa, Kutoa Kipuri kwa Matengenezo. Haihitaji Bodi, inahitaji mtunza ghala tu. Mkono wa kabati, mmoja, wa kulia. Umetolewa saa kumi na dakika ishirini, utarejeshwa saa kumi na moja."

Mheshimiwa akaisoma fomu upande mmoja, akaigeuza, akasoma upande wa pili ambao haukuwa na kitu. Ilikuwa sahihi. Mtu kama yeye hawezi kupingana na fomu iliyo sahihi. Akaondoka.

"Endelea, Mwalimu," Shehe akasema.

Akaendelea. Shaali akajibu amekubali, kwa sauti ambayo ilisikika hadi barabarani. Shangazi wakapiga vigelegele kati ya mapipa ya taka. Shemsa akaja dirishani, akaushika ule mkono, akauweka shavuni, na hakuuacha mpaka Bi. Zamda alipokohoa kwa upole na kusema imebaki dakika moja.

*

Sasa Bi. Zamda alikuwa ameonja kitu ambacho hakukionja kwa miaka ishirini na tisa, na hakuweza kukiacha. Jumatatu alitoa fomu namba tisa kwa mikono yote miwili, na tarehe ya kurejesha akaiacha wazi. Jumanne mguu wa kulia. Jumatano mguu wa kushoto. Alhamisi kiwiliwili, ambacho alikiandika "ubao wa katikati". Kwa mujibu wa karatasi, Mwalimu Machano alikuwa ametoka karibu mwili wote. Kilichobaki ndani kilikuwa kichwa.

Ijumaa ya pili alipeleka fomu ya kichwa, akidhani itapita kama zilizotangulia. Lakini mtu fulani alikuwa ameshamnong'oneza Mheshimiwa, na Mheshimiwa akaja mwenyewe dirishani, safari hii na katiba chini ya kwapa. Mimi na Bi. Mashavu tulikuwa nje, kama kila siku.

"Bwana Kabati," alisema kwa upole wake ule, "viungo vyako sina neno navyo. Kichwa ni jambo jingine. Nijibu swali moja. Ndani ya kichwa hicho, mna ubongo?"

Mwalimu akapandisha miwani yake.

"Tafakari kabla ya kujibu," Mheshimiwa akaendelea. "Au usitafakari, itategemea. Kwa sheria, nchi hii ina Ubongo mmoja. Ukisema umo, basi unamiliki wa pili bila leseni, na hilo ni la mahakama, si la ofisi yangu. Ukisema haumo, basi wewe ni kabati kweli, kama tulivyosema tangu mwanzo. Ila ni kabati tupu. Na kabati tupu serikali hailihitaji. Utasaini Hati ya Utupu, utakwenda nyumbani leo hii."

"Sema haumo," Bi. Mashavu akamwambia kutoka nje. "Machano, baba Shemsa, sema haumo, twende nyumbani."

Baadaye Mwalimu alinieleza kilichompitia. Alisema hakuwaza heshima wala ushujaa. Aliwaza watoto wa darasa la tano. Miaka thelathini na moja alikuwa amewakataza kuandika jibu ambalo wanajua si sahihi, hata kama kengele inalia, hata kama jirani ameandika hilo hilo. Alimtazama mkewe, ambaye vidole vyake vilikuwa vimezishika nondo hadi vimepauka. Akamtazama Bi. Zamda, ambaye alikuwa anatazama sakafu. Alisubiri kuona kama kuna jibu la tatu. Alitafuta kwa uangalifu, kama anavyotafuta kila siku, na halikuwepo.

"Haumo," akasema.

"Sauti, tafadhali."

"Haumo, Mheshimiwa. Mtupu."

Akasaini. Mheshimiwa akampongeza, akamwambia asijisikie mpweke, maana hati kama ile zimeshasainiwa na watu wengi tu, wakiwemo wakubwa, na wengine waliileta wenyewe bila kuitwa. Akamsomea masharti. Asifundishe. Asikokotoe. Asikae ameshika kidevu. Mkaguzi atakuwa akipita chini ya dirisha lake kila alasiri, kusikiliza kama kuna dalili zozote za kufikiri. Kisha, kwa kuwa samani hazitembei, wakaitwa wapagazi wanne, wakambeba kwa mabega na miguu, wakamtoa mlango wa mbele. Bi. Zamda alitembea pembeni hadi kizingitini akimshikia miwani isianguke. Hakuruhusiwa kuvuka zaidi.

*

Mwezi mzima Mwalimu Machano alikaa barazani kwake mikono magotini. Nilimpitia kila siku. Tulizungumza juu ya hali ya hewa, kwamba ni hali ya hewa. Watoto waliokuwa wakirudi shuleni walimwamkia, naye aliwaitikia, lakini mmoja alipomsogelea na daftari lake wazi, Mwalimu aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango. Niliona kivuli chake nyuma ya pazia. Alisimama pale mpaka mtoto alipokwenda zake.

Juzi Jumamosi, alasiri, Shemsa na mumewe walikuja kuwatembelea. Nilikuwa nyumbani, na ukuta wetu ni mmoja na ni mwembamba, kwa hiyo nikisema nilisikia, msidhani nilisikiliza. Walikunywa chai. Shaali alisifu vitumbua. Kisha Shemsa akauliza:

"Baba, wafikiria nini?"

"Sifikirii kitu, mwanangu," Mwalimu akajibu, kwa sauti iliyolengwa dirishani. Nje kule mkaguzi alikuwa anapita. Nilisikia viatu vyake vikipunguza mwendo.

"Baba. Mimi nimekuuliza."

Nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia dirisha linafungwa, kisha la pili. Halafu Bi. Mashavu akafungua redio. Ilikuwa hotuba ya Mheshimiwa Mabruki, ile ya kila Jumamosi juu ya mafanikio ya Ubongo. Akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka vikombe vyangu mimi vikaanza kulia kabatini.

Na chini ya ile hotuba, kwa mbali, nikaisikia sauti ya Mwalimu Machano. Sikuyashika maneno. Niliisikia tu jinsi ilivyoanza taratibu, ikapata kasi, ikapanda, kama mtu anayeandika ubaoni akiwa na mengi na kengele inakaribia. Shemsa alicheka. Halafu akalia. Mwalimu hakunyamaza.

Nje viatu vya mkaguzi vilisimama. Redio moja haikutosha. Ukisikiliza vizuri, ungeweza kujua kuna mtu anazungumza. Hapo nikasikia nyumba ya pili redio ikifunguliwa, hotuba ile ile, sauti hadi mwisho. Kisha ya tatu, ng'ambo ya barabara. Kisha ile ya pembeni kwa muuza mkaa. Mtaa mzima ukanguruma kwa sifa za Mheshimiwa, na mkaguzi akasimama katikati yake, kofia kifuani, hakujua aelekee wapi.

Mimi ni mtu mtii. Nimeishukuru serikali mwanzoni, na nilikuwa nakusudia kuishukuru tena mwishoni. Lakini niliinuka kitini, nikavuka chumba, nikaifungua na ya kwangu.